Gari la Kubebea Mkoba

Mwezi uliopita nilikwenda Mtoni Kijichi kwenye msiba wa Mama Zuhura, jirani yangu wa zamani. Wanaume walikuwa hawajarudi makaburini, nasi wanawake tulikuwa tumekaa mkekani kila mmoja na juzuu yake, ndipo nikasikia nje gari linaingia kichochoroni huku likisaga. Haikuwa breki wala beringi. Sauti ile naijua hata nikiwa usingizini: gari limeshushwa, limefungwa rimu kubwa kuliko zile lilizokuja nazo, kiti cha nyuma kimejaa watu wazima, basi bodi imelalia tairi na tairi inasugua. Mama mmoja kando yangu akanong'ona kwamba gari la watu limekufa. Nikamwambia halijafa, limepakia tu. Akanitazama, akairudia juzuu yake. Mimi nikashindwa kuendelea kusoma, nikajifunika kanga usoni nikalia, na waliokuwa karibu wakanipapasa mgongoni wakidhani ni uchungu wa marehemu. Ulikuwa huohuo, ila ulianzia kwenye tairi.

Mwaka ninaotaka kuuandika ni ule niliokuwa na miaka ishirini na sita. Ya wazazi, shule na jinsi nilivyoolewa nayaacha, kila mtu anayo ya kwake na mengi yanafanana. Nilikuwa mke wa Shabani, na Shabani alikuwa fundi viyoyozi. Alipata mkataba wa mwaka mmoja Uarabuni, akaondoka tukiwa na miezi minane ya ndoa, akaniachia vyumba viwili vya kupanga, redio na gari. Lilikuwa gari dogo jeusi la Kijapani, la watu watano kwa mujibu wa kadi yake. Alikuwa amelitoa springi zake na kulifungia fupi, akavua rimu za mwanzo, akafunga za inchi kumi na saba zenye kung'aa na tairi pana. Kati ya tairi na bodi ulikuwa hupitishi kidole. Vijana wa barabarani walilipigia mluzi likipita, na mimi niliyekuwa ndani nilidhani sehemu ya mluzi ule ni yangu. Zile rimu za mwanzo alizifunga kwenye magunia, akazisukuma chini ya kitanda. Siku ya kuondoka aliniachia maagizo matatu: nilioshe kila Ijumaa, nisipite kwenye madimbwi, na nisipakie watu. Hilo la tatu nililichukulia kuwa wivu, nikafurahi.

Vyumba vyetu vilikuwa na mlango wake wa mbele na kijibaraza cha kuwekea gari, na ukuta wa chumba cha kulala ulipakana na ua wa Mama Zuhura. Matofali yalikuwa membamba. Nilikuwa najua wamepika nini kabla ya moshi kunifikia, najua nani amegombana na nani kisimani, najua mpaka kikohozi cha kila mtu. Wao nadhani walikuwa hawasikii kitu kutoka kwangu, maana hapakuwa na la kusikia. Nilikuwa napika wali kikombe kimoja na bado unabaki. Mwanzoni niliandaa mezani, nikaweka na glasi ya maji, nikakaa kama mtu. Kufikia mwezi wa tatu nilikuwa nakula nimesimama jikoni, kijiko ndani ya sufuria, naoshea hapohapo. Shabani alipiga simu kila Ijumaa baada ya swala. Salamu ya kwanza ilikuwa yangu, swali la kwanza lilikuwa la gari. Nililiosha? Lilipigwa jua? Nilikuwa namjibu huku nimeegemea boneti, na iliniuma, niseme kweli, ila nilikuwa mdogo na nilidhani mtu akipenda kitu chake basi na wewe uliye chake umo.

Nilikuwa mapokezi katika kliniki ya meno Kariakoo, ya daktari mmoja wa Kishia wa pale Upanga, mtu mpole aliyeniita binti na kunikumbusha kila siku nile mchana. Jioni moja nikawapa lifti wenzangu wawili wa kazini mpaka kituoni. Kwenye tuta la kwanza likatoka lile krrr kutoka nyuma, na kwenye kona likaja refu zaidi, na baada ya kidogo harufu ya mpira unaoungua. Wenzangu walicheka, wakashuka kabla ya kituo. Ijumaa nikamweleza Shabani. Hakushtuka. Akasema, "Nilikwambia usipakie watu. Ile imekaa chini, ukipakia tairi inakula bodi, siku itapasuka. Kaa mwenyewe." Ndipo nikaelewa kwamba agizo halikuwa na wivu ndani yake. Nakumbuka nilikaa kitandani muda mrefu, na kisigino changu kinagusa gunia la rimu.

Sasa lazima nieleze jambo ambalo watu wa Mbweni, ninakokaa leo, huwa hawalielewi. Kijichi ya miaka ile ukiwa na gari mtaani, gari si lako peke yako. Funguo ni zako, ndiyo, lakini mgonjwa akizidiwa unagongewa mlango, maiti ikisafirishwa unaulizwa, bibi akirudi sokoni na kikapu unasimama. Hakuna aliyekuambia kanuni hiyo, ila ukiivunja utaambiwa. Na mimi nilikuwa napita. Nilipita wanawake na ndoo, nilipita mabibi na vikapu, nilipita Mama Zuhura mwenyewe akitoka sokoni Mbagala amebeba mfuko wa mkaa kichwani. Nilipunga mkono na kutabasamu, kumbe kutabasamu ndiko kulikozidisha. Kueleza nisingeweza. Ningesemaje kwamba gari linalong'aa vile, la watu watano kwenye kadi, haliwezi kubeba watu? Niliona aibu. Nikaona afadhali nidhaniwe naringa kuliko kujulikana kwamba nimeachiwa pambo.

Hata hivyo Mama Zuhura alinivumilia. Alikuwa mwanamke mnene, mtu wa Pwani hasa, sauti yake nzito na mikono yake haikai bure. Ramadhani ilipoingia, siku ya pili tu akanipitishia bakuli la magimbi ya nazi mlangoni, bakuli la bati lenye maua mekundu, akaniambia nisile futari ya mkate kama msafiri. Nililiosha bakuli, nikaliweka kabatini nikisubiri kupika kitu cha kuliweka ndani, maana bakuli la jirani halirudishwi tupu. Nilikuwa mpishi mbaya, nikawa naahirisha. Kumi la pili halijaisha, ikanyesha mvua kubwa, na nilikuwa nimefika tu kutoka kazini aliponipigia hodi, kanga ameivuta kichwani.

"Mwanangu," akasema, "Zuhura ameruhusiwa hospitali. Twende na gari yako tukamchukue, mie na shangazi yake. Mtoto tutampakata."

Zuhura alikuwa amejifungua kwa kisu siku nne nyuma. Nilifikiria matuta yote kutoka kule, nikafikiria tairi inapasuka na kichanga kimo ndani. Kama ningeyasema hayo, yangekwisha palepale. Nilichosema ni, "Gari bovu, mama." Akageuza macho akalitazama. Lilikuwa bado la moto, matone ya mvua yalikuwa yanafuka mvuke juu ya boneti kila yanapodondoka. Hakubisha. Akasema haya mwanangu, Mungu akujalie, akaondoka. Baada ya saa moja na nusu nikachungulia dirishani, nikaona bajaji inaingia, maturubai ya pembeni yanapigwa na upepo, na Zuhura anashuka ameinama ameshika tumbo, mama yake amemkumbatia mtoto ndani ya doti nzima ya kanga.

Tangu siku ile sikusikia tena jina langu upande wa pili wa ukuta. Nilisikia jingine. Mchana mmoja wa Jumapili walikuwa wanachambua mchele uani, mmoja akauliza ile gari nyeusi ni ya nani, mwingine akajibu, "Ile ya kubebea mkoba?" Wakacheka. Ni kweli, mkoba wangu niliuwekaga kiti cha mbele, na mtu akiangalia kwa nje angeona mimi na mkoba tunakwenda. Nilingoja Mama Zuhura acheke nao, ingekuwa nafuu. Yeye akasema tu, "Mwacheni. Kila mtu na chake." Nililia kimya, maana na mimi nilishajua matofali yale yalivyo. Idi nilipika pilau ya watu wanne, nikafungua mlango wa mbele, nikakaa barazani nimevaa gauni jipya. Watoto walipita wakinipa mkono wa Idi mbiombio kisha wakaingia kwa wengine. Pilau ile niliila siku tatu.

Mfungo mosi, mwezi huohuo wa Idi, ndipo nilipokwenda Tandika kwa Fundi Kibwana, mtu mrefu mwembamba, mzungumzaji kidogo, anayefanya kazi kwa mkono mmoja na mwingine amejishika kiuno akifikiri. Nilimweleza. Akaubonyeza mkia wa gari mara mbili tatu kwa viganja, akachungulia ndani ya matao ya tairi, akasimama.

"Hivi haisugui," akasema. "Ukiwa peke yako haitasugua mpaka kesho. Niletee watu."

"Watu gani?"

"Watu wako, sista. Unaowabebaga. Watatu wakae nyuma, mzito akae kushoto."

Nikamuuliza kama hatuwezi kupakia mifuko ya saruji. Akatikisa kichwa. Akanieleza kwamba saruji inakaa pale ulipoiweka, lakini mtu gari likikata kona anaegemea, likipanda tuta ananyanyuka na kukaa tena, na yeye anataka kujua tairi inagusa wapi hasa ili asije akakunja bati pasipohusika. Nikasema Jumamosi nitawaleta. Nikaingia garini, nikafunga mlango, nikaanza kuwatafuta hao watu wangu kichwani. Wa kazini mmoja alikaa Kinondoni, mwingine Tabata, na wote wawili walishashuka kabla ya kituo. Ndugu walikuwa mbali. Nilikuwa nimekaa mtaa mmoja miezi yote ile na sikuwa na makalio matatu ya kukalisha kwenye kiti. Kuna upweke wa kukosa mtu wa kuzungumza naye, huo nilishauzoea. Huu wa kukosa watu wa kuwa mzigo ulinipata bila kujiandaa.

Nililitoa lile bakuli kabatini. Nikapika kaimati, zikawa ngumu, nikapika tena, zikawa ngumu kidogo, nikaona basi. Mama Zuhura alikuwa kwenye kigoda anamwogesha mjukuu kwenye beseni. Nikamwamkia, shikamoo mama. Akaitika marahaba, lile neno mwanangu hakuliongeza. Nikaweka bakuli chini nikabaki nimesimama, na nilipoona hanikaribishi nikachuchumaa mwenyewe.

"Mama, nina shida ya watu," nikasema.

"Watu wa nini?"

"Wa kukaa kwenye gari. Fundi anataka aisikie inavyosugua."

Nikamwambia yote, kuanzia springi mpaka harufu ya mpira, mpaka siku ya mvua na kichanga nilichokiogopea. Sikumtazama, nilikuwa nazungumza na beseni. Alimtoa mtoto majini, akamfuta masikio taratibu, akamfunga, akamlaza mapajani. Kisha akachukua kaimati moja, akaitafuna kwa muda mrefu kuliko inavyostahili.

"Mbona hukusema?"

"Niliona aibu, mama."

"Ukae miezi yote hii unakula peke yako kwa ajili ya tairi?" Hakuwa ananicheka. Nadhani alikuwa ameudhika kuliko siku ile ya mvua. Akaniuliza Jumamosi saa ngapi, nikamwambia saa tatu. Akasema atamwambia wifi yake, Bi Tatu, na mpangaji wake Mwanahawa, na kuhusu mzito wa kukaa kushoto nisihangaike kutafuta.

Walivaa kama wanakwenda arusi. Mama Zuhura alijaza upande wa kushoto, Bi Tatu kulia, Mwanahawa akabanwa katikati na mfuko wa karanga mapajani. Fundi Kibwana akachukua chaki ya ubaoni, akapaka nyeupe ukingo wote wa ndani wa matao ya nyuma, akakaa mbele pamoja nami. Tukazunguka barabara za Tandika zile zenye matuta. Tuta la kwanza, krrr. Wanawake wakatega masikio. Kona ya kulia, krrr ndefu, na Mama Zuhura akaegemea mlango kwa uzito wake wote kama aliyeelezwa kazi. Harufu ikaja. Bi Tatu akasema kumbe mtoto wa watu hakusema uongo, na Mwanahawa akataka turudie lile tuta. Tulilirudia mara nne. Niliwaangalia kwenye kioo, wanatafuna karanga na kusikiliza ubovu wa gari langu kwa makini, mpaka fundi akaniambia mara mbili nirudi gereji.

Chaki ilikuwa imefutika mahali pawili, kiganja kizima upande wa kushoto. Fundi akanieleza kwamba anaweza kuupasha moto ule ukingo na kuukunja kwa ndani, na kwa mtu mmoja au wawili ingetosha. Kwa watatu wa aina hii, akasema huku akiwaangalia kwa heshima, itagusa tu, na tairi itachanika siku moja. Dawa ni kuweka spesa, vile vipande vya mpira mgumu juu ya springi, gari linyanyuke, na kurudisha rimu zake za mwanzo kama zipo. Nikasema zipo. Nililala juu yake miezi yote ile. Sikumpigia Shabani. Nilijua atasema nini, na nilikuwa nimechoka kuambiwa nikae mwenyewe. Jumatatu yake Mama Zuhura na Bi Tatu waliingia chumbani kwangu kwa mara ya kwanza, wakainama chini ya kitanda, wakayavuta yale magunia huku wakitoa maoni kuhusu vumbi.

Miezi iliyobaki gari lile lilifanya kazi. Lilimpeleka Zuhura na mtoto kliniki, lilileta magunia ya viazi, lilipeleka watu misibani na kurudi, na kila safari Mama Zuhura alikaa nyuma kushoto na kusema kwenye tuta, "Sikilizeni, mie ndo kipimo." Likawa baya sana kwa kulitazama, limesimama juu juu kama kuku aliyelowa. Shabani aliporudi aliliona kabla hajaniona. Alinisalimia vizuri, akaweka begi, akalizunguka. Akachuchumaa, akapitisha vidole vinne kati ya tairi na bodi, vikapita.

"Nani alikuwa anapanda?"

"Watu."

"Watu gani?"

Nikamtajia mmoja mmoja, majina na mahali tulipokwenda. Nilikuwa na orodha ndefu, na niliitaja taratibu. Alinisikiliza mpaka mwisho akasema, "Umeniulia gari." Aliondoa spesa, akazifunga tena zile rimu kubwa, akaliuza kwa mtu wa Buguruni likiwa chini vilevile alivyolipenda. Baada ya wiki tano alirudi Uarabuni, na kwangu hakurudi. Sikushangaa, ila niliumia sana, na walionisikia upande wa pili wa ukuta walikuja bila kupiga hodi.

Nimekuwa na magari mengine tangu wakati huo, yote marefu kutoka chini. Lakini mwaka wa saba sasa nakaa Mbweni, nyumba mpya, kuta ndefu, na asubuhi kila geti linatoa gari na kila gari lina mtu mmoja. Hakuna anayenigongea. Nilijiambia nitakwenda Kijichi mwezi huu, nikajiambia ujao. Mara ya mwisho kumwona Mama Zuhura ilikuwa Idi ya mwaka juzi, na kosa hilo sina fundi wa kumpelekea.

Alasiri ile msiba ulipotawanyika, wanawake watatu wasionijua walikuwa wamesimama barabarani wakitaka kwenda Rangi Tatu. Waliliona gari langu wakasogea pembeni walipishe. Hawakuomba. Nikashuka, nikafungua milango ya nyuma, nikawaambia pandeni, na kabla sijajizuia nikasema, "Mzito akae kushoto." Wakatazamana. Zuhura, aliyekuwa amesimama mlangoni na bintiye, yule kichanga wa bajaji, akaziba mdomo kwa kanga na kugeukia ndani. Niliendesha polepole, na kwenye kila tuta nilisikiliza. Niliwashusha Rangi Tatu, wakaniombea dua, nikageuza. Kutoka pale mpaka Mbweni gari langu lilibeba mkoba.